Kivu: Mimba ikitoka mama analaumiwa, njaa na malaria vinasahaulika

Katika familia nyingi za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, mimba inapotoka swali la kwanza ni moja: mama alifanya nini? Wengine wanasema alikula kitu kilichokatazwa, wengine kwamba aligombana na mama mkwe, wengine wanatafuta mchawi. Ni mara chache mtu kuuliza kama alikuwa na chakula cha kutosha, kama alilala ndani ya chandarua, au kama alikuwa na pesa ya kufika kituo cha afya.

Swali hilo la kwanza lina madhara. Linamfanya mama afiche mimba yake, na mimba inayofichwa haipati matibabu mapema.

Mimba nyingi hutoka bila kosa la mtu

Mwaka 2021, jarida la kitabibu The Lancet lilikadiria kwamba mimba milioni 23 hutoka kila mwaka duniani. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya mimba zote zinazotambuliwa. Sehemu kubwa ya zile zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza inatokana na kasoro za kromosomu, ambazo huanza tangu mtoto anapotungwa. Yai la kuku alilokula mama, au maneno aliyobishana na jirani, hayahusiki.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba hatari haigawanyiki sawa kwa wote. Inapanda kwa mama aliyekonda sana na kwa mama mnene kupita kiasi, kwa mwenye umri mdogo sana au mkubwa, kwa anayevuta sigara au kunywa pombe, kwa anayefanya kazi usiku, kwa anayegusa dawa za kuua wadudu shambani, na kwa anayeishi na wasiwasi wa muda mrefu. Sehemu kubwa ya mambo hayo hayaamuliwi na mama peke yake. Yanategemea kazi anayopata, pesa iliyopo nyumbani na usalama wa pahali anapoishi.

Fufu peke yake haitoshi

Kwa familia maskini, sahani ya kila siku ni fufu ya muhogo na mboga kidogo. Fufu inashibisha, lakini ina protini kidogo sana na madini ya chuma kidogo. Maharagi, lenga-lenga, sombe na sambaza za ziwa Kivu vingeweza kujaza pengo hilo. Shida ni kwamba sambaza zina bei, na zinapopatikana, mara nyingi baba na watoto huhudumiwa kwanza. Katika familia nyingine, mama mjamzito anakatazwa mayai au nyama fulani, wakati ndipo anapovihitaji zaidi.

Matokeo yake yanaonekana katika damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulikuta asilimia 38 ya wanawake wa Kongo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mama wa namna hiyo, mimba yake ikitoka na damu ikamwagika nyingi, maisha yake yenyewe yanakuwa hatarini.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku. Ukweli usemwe hapa: tafiti hazijathibitisha kwamba vidonge vya vitamini peke yake vinazuia mimba kutoka. Vinapunguza upungufu wa damu, na asidi ya foliki inazuia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Lakini uti huo unajifunga katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Mama anayeanza mashauri ya wajawazito, CPN, katika mwezi wa tano amechelewa kwa faida hiyo.

Somo la kisiwa cha Idjwi

Kivu tayari ina mfano unaoonyesha kwamba lishe ya wamama inaweza kubadilishwa kwa uamuzi wa pamoja. Katika miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi kisiwani Idjwi walikuta watu wengi wenye uvimbe wa shingo kwa kukosa madini ya iodini. Baadaye ilionekana pia kwamba muhogo usioandaliwa vizuri unaongeza tatizo, kwa sababu sumu yake inauzuia mwili kutumia iodini kidogo iliyopo. Upungufu mkubwa wa iodini unahusishwa na mimba kutoka, watoto kuzaliwa wakiwa wamekufa na wengine kuzaliwa na ulemavu wa akili.

Dawa haikuwa kuwafundisha wamama kujilaumu. Ilikuwa kutia iodini katika chumvi inayouzwa sokoni, kazi iliyosonga mbele nchini kuanzia miaka ya 1990. Mama hakuhitaji kubadilisha chochote jikoni. Alinunua chumvi kama kawaida, na iodini ikamfikia.

Malaria na kaswende

Adui mwingine ni malaria. Utafiti uliofanyika kwenye mpaka wa Thailand na Myanmar, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba malaria hata mara moja tu katika miezi mitatu ya kwanza iliongeza hatari ya mimba kutoka karibu mara tatu au zaidi. Ni jambo linalogusa Kivu moja kwa moja. Mama aliyekulia milimani, ambako mbu ni wachache, hana kinga kama ya mama wa bonde la Ruzizi au wa Fizi. Vita vinapomkimbiza kwenda mabondeni, anakutana na ugonjwa ambao mwili wake haujauzoea.

Kinga inajulikana: chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP ambavyo kituo cha afya kinatoa kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kwa nafasi ya mwezi mmoja. Kwa miezi mitatu ya kwanza SP haitumiki, hivyo chandarua na kupimwa haraka homa inapoanza ndiyo ngome. Kuna pia kaswende, ambayo inaweza kuua mtoto tumboni, ingawa inagunduliwa kwa kipimo kidogo cha damu na kutibiwa kwa penisilini.

Vita vimeingia jikoni

Mwanzoni mwa mwaka 2025, M23 iliteka Goma, kisha Bukavu. Benki zilifungwa, pesa ikaadimika. Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na wengi wakarudi vijijini ambako mashamba yalikuwa hayajalimwa. Mwezi Machi, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitangaza kwamba karibu watu milioni 28 nchini wana njaa kali. Mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa zaidi wa misaada Kongo, ilikata sehemu kubwa ya pesa zake.

Kwa mjamzito, habari hizo za siasa zina maana ya mlo mmoja kwa siku, mzigo wa makala au wa muhogo mgongoni, na kituo cha afya kisicho na dawa. Serikali ilianzisha uzazi wa bure Kinshasa mwezi Septemba 2023, kisha ikaupeleka katika mikoa mingine. Mpango huo unasaidia kulipa mashauri na kujifungua. Haulipi pikipiki ya kufika hospitali, wala haujazi sahani nyumbani.

Herufi moja, tuhuma nzima

Lugha yenyewe inaonyesha shida. Kati ya kusema mimba «imetoka» na kusema mama «ameitoa» kuna tofauti ndogo ya sauti, lakini ya pili ni mashtaka. Sheria ya jinai ya Kongo inaadhibu utoaji mimba, ingawa Itifaki ya Maputo, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi mwaka 2018, inauruhusu katika hali kadhaa. Mama anayeogopa kutuhumiwa anabaki nyumbani akivuja damu. Kutoka damu nyingi, homa, kizunguzungu au maumivu makali ya tumbo ni alama za kwenda hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja ruhusa ya mtu.

Hatua nyingine hazingoji amani wala mfadhili. Mume anaweza kuhakikisha kwamba mama anakula maharagi na samaki kabla ya wengine kumaliza, na kwamba chandarua cha nyumba kiko juu ya kitanda chake. Mama mkwe anaweza kubeba ndoo ya maji. Viongozi wa makanisa na misikiti wanaweza kusema wazi kwamba mimba kutoka si laana, na kuwahimiza wamama waende CPN mara tu wanapokosa hedhi. Muuguzi anaweza kumpokea mama anayevuja damu bila kuanza na mahojiano.

Kwa wanaotawala, mjini Kinshasa na katika miji iliyotekwa, kipimo ni rahisi: barabara ya kufika kituo cha afya iwe wazi, na chuma, asidi ya foliki, SP na penisilini viwe kwenye rafu. Pale visipokuwepo, lawama ya mimba iliyopotea haiwezi kuishia mlangoni kwa mama.