Civ VII: Mito Imeiva, Lakini Msee wa Garsen Ataona Pengo Moja

Maze, kama ushawahi jiambia "zamu moja tu alafu nilale" ukashtukia ni saa kumi asubuhi, unajua ugonjwa wa Civilization. Sasa Civ VII ilitoka Februari 11, 2025. Firaxis wameonyesha video mob za gemu ikichezwa, na mimi nimemaliza bando nikizicheki hapa Garsen. Sijaigusa bado, kwa hivyo chukua hii kama rada tu.

Kwa wale hawajawahi icheza, hii si gemu ya kufyatua risasi mbio mbio. Ni kama bao ama drafti. Nacheza zamu yangu, unacheza yako, mos mos, kutoka kijiji cha matope hadi roketi.

Safari hii historia imekatwa vipande vitatu: zama za kale, za kuvuka bahari na za kisasa. Zama mbili za kwanza zikielekea kuisha unaangukiwa na janga, alafu unabadilisha taifa lakini kiongozi anabaki yule yule. Unaweza kuwa Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko mwenye alipitia Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331, na ukitimiza masharti umalize ukiongoza Buganda. Poa sana. Lakini Waswahili wenye walimpokea Ibn Battuta hawako kwa orodha ya mataifa. Mgeni ameitwa, wenyeji wameachwa nje.

Kitu imenishika ni mito. Kwa Civ VI, mto ulikuwa mstari tu kati ya vigae. Sasa mito mikubwa ni njia, meli inatoka baharini inapanda hadi ndani ya nchi. Mtu wa Tana lazima asimamishe masikio. Huu ndio mto mrefu zaidi Kenya, karibu kilomita 1,000, na unamwaga baharini hapa Kipini. Na Novemba 2023, El Niño ilipofunika barabara ya Garsen kwenda Lamu, boti zilivusha wasee mahali basi hupita.

Sasa cheki hii stori ya zamu. Kwa gemu, kila mtu ana zamu yake na zote ni sawa. Kwa Tana kuna wenye wanacheza kwanza. Huko juu kuna mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, na Masinga ndio tangi kubwa. Masinga ikijaa, maji inamwagika kuja chini. Mvua ikikosa, maji inashikiliwa. Sisi wa delta tunacheza mwisho, na yenye imebaki ama yenye imezidi.

Na si ati mafuriko ni adui siku zote. Civ VI ilishaelewa hiyo kwa nyongeza yake ya Gathering Storm, 2019: maji yanabomoa, lakini yanaacha udongo wenye rutuba. Wazee wa Kipokomo walijua hiyo kitambo, wamelima mpunga kwa maji ya mafuriko miaka nenda miaka rudi. Ngori ni maji ikikuja bila ratiba.

Pengo lenyewe ni hili. Kwa Civ, kigae kimoja kina mwenyewe mmoja. Mpaka wako ukifika, ni yako. Kuna mkataba wa kufungua mipaka watu wapite, lakini hakuna kitufe cha kusema "mvua ikinyesha ni shamba lako, kiangazi ng'ombe zangu zitashuka kunywa maji." Na huo ndio mpango umebeba Tana. Wapokomo wanalima ukingoni. Waorma na Wawardei wanaleta mifugo wakati wa kiangazi kupitia malka, zile njia za kushuka mtoni. Kigae kimoja, watu wawili, misimu tofauti.

2012 tuliona venye huisha wasee wakianza kucheza Tana kama Civ. Agosti 22, Riketa ilivamiwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kufika Januari 2013, vijiji vya pande zote vilikuwa vimechomwa na waliokufa walikuwa wamepita 100. Nilikuwa mtoto wa primari, na nakumbuka madawati yenye yalibaki wazi. Wengine watakwambia ilikuwa siasa za uchaguzi wa 2013. Wengine watataja miradi mikubwa ya miwa yenye ilikuwa imemezea delta mate. Zote zinarudi kwa swali moja: kigae ni cha nani?

Kwa hivyo uamuzi wangu: mito iko fiti, zile zama tatu zinanipea wasiwasi kidogo, na bei yake ilipotoka 2025, karibu dola 70, kama elfu tisa hivi, ilikuwa ya wenye wako na doh. Mimi nitangoja ishuke.

Lakini hiyo ya kigae sitaki uiache kwa skrini. Siku mpima ardhi atafika kijijini kwenu na ramani, usitafute tu jina la buda yako. Muulize amechora malka wapi. Kama haipo, mwambie airudishe kabla mtu yeyote hajaweka sahihi.