Banda la kuku: uzuri wake uwe kwa nani?

Siku hizi katika vikundi vyetu kumeingia mashindano ya mabanda ya kuku. Mmoja anajenga kwa mbao za kuranda, mwingine anaweka madirisha na kibaraza, wa tatu anapaka rangi ya buluu na kuandika jina lake juu ya mlango. Watu wanapita njiani wanacheka: nyumba ya kuku iko nzuri kushinda nyumba ya mwenyewe! Sisi hatucheki. Mtu anayetumia wiki mbili kujengea kuku wake amekwisha kuacha yale mawazo ya zamani kwamba kuku anajitunza peke yake. Lakini tuko na neno, na tunaomba lisikilizwe kabla mikutano ya koperative haijaanza kugawa mikopo ya mabanda. Uzuri uwe pale kuku anapouona, siyo pale jirani anapouona.

Kuku anaona nini? Usiku anaona baridi, unyevu, panya na siafu. Wenzetu wa upande wa Walikale na wa msitu wa Beni hawahitaji kuelezwa habari ya siafu: asubuhi unakuta kuku aliyekuwa analalia mayai amebaki manyoya na mifupa, na rangi ya buluu ingali inang'aa. Basi kama unataka kufanya ufundi, ufanye hapo. Inua banda juu ya nguzo, nusu ya mita au zaidi. Ukifika mita moja, utaweza kufagia chini bila kutambaa. Choma ncha za nguzo kwa moto kabla ya kuzisimamisha, mchwa wasizimalize upesi. Kila nguzo ivae kipande cha manjanja ya zamani kilichokunjwa kama faneli, mdomo ukitazama chini, panya ashindwe kupanda. Kwa siafu, miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye mafuta ya vidanji ya pikipiki, na makopo yafunikwe ili mvua isiyajaze na kuku wasiyanywe. Kazi hiyo yote haionekani ukiwa barabarani.

Sakafu iwe ya fito au mianzi, na nafasi ya kupitisha mavi lakini si mguu. Mavi hayo yakusanye, yachanganye na majani, yaache yaoze vizuri. Lengalenga zako zitakuambia zenyewe. (Mavi mabichi yanaunguza mboga, msiyakimbize shambani.)

Sasa upepo. Banda zuri lililofungwa pande zote, sisi tunaliita sanduku. Ingia asubuhi mapema kabla hujafungua mlango: kama macho yanakuwasha, ujue kuku wamevuta hiyo hewa usiku mzima, na ndiyo sababu wanakohoa. Acha nafasi chini ya paa, uizibe kwa wavu wa waya tu. Lakini tusiige mfano mmoja inchi yote. Kule Lubero, kwenye baridi ya milima, upande unaopiga upepo ufungwe kabisa na upande wa pili ndio uachwe wazi. Katika bonde la Ruzizi, joto ni jingi, wavu uwe mwingi kushinda ukuta, na pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua lisiingie ndani asubuhi na jioni.

Ukubwa usitusumbue sana. Kuku wanne wakubwa, mita moja ya mraba inawatosha kulala, kama mchana wanatembea nje. Kiota kiwe na giza kidogo, sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne. Weka miti ya kulalia, na pembeni majivu makavu ya kuogea, juu ya chawa. Hivi vyote vinatoka porini na jikoni. Makuta yanahitajika kwa misumari, wavu na kadena.

Ndiyo maana tunashangaa tukisikia kikundi kinataka kutumia sanduku lake lote kununulia manjanja na simenti. Newcastle ikiingia kijijini haiulizi paa lako ni la nini. Mwenye banda la fahari na mwenye kuku wanaolala jikoni, wote wanazika. Kinachozuia ni chanjo: tone moja katika jicho, na kwa ile chanjo inayostahimili joto, kurudia kila miezi 4. Na hapa ndipo koperative inapokuwa na kazi yake ya kweli. Banda, mtu anaweza kujijengea na watoto wake. Chupa ya chanjo hawezi kuimaliza peke yake: mara mingi ina dozi 100 au zaidi, na ikifunguliwa haikai. Mwenye kuku 9 akiinunua peke yake anatupa karibu yote. Watu 15 wakijipanga siku moja, na wakamwita veterineri au mtu aliyefundishwa, bei kwa kila kuku inakuwa ndogo sana.

Tena tusifichane: wengi wetu tumekwisha kukimbia vijiji vyetu, wengine si mara moja. Kuku unamfunga miguu unamchukua. Simenti inabaki.

Iko jambo lingine, na tunajua litaudhi wababa fulani. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama. Yai ndilo linaleta chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Halafu baba anachukua mkopo kwa jina lake, anajenga banda zuri, anatia kadena, ufunguo unaingia mfukoni mwake. Toka siku ile mama anaomba ruhusa ya kuuza kuku aliyemlea mwenyewe tangu kifaranga. «Kuku wako katika banda langu,» ndivyo anavyojibiwa. Tunasema hapana. Mkopo wa banda uandikwe kwa jina la yule anayelisha kuku, na kama ni wote wawili, majina yote mawili. Na komite zinazotayarisha karatasi za mikopo ya msimu huu ziongeze swali moja chini ya jina na kiasi: ufunguo wa banda utakaa kwa nani?