KASI YA MAJARIBIO SI KASI YA SAFARI

Wanafunzi wenzangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipojaribiwa ikiwa mpya ilipita maili 24 za baharini kwa saa. Pegasus ya Waingereza iliundwa iende 20. Lakini tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo ikitengenezwa. Königsberg ikaipiga mizinga, ikazama. Punde Königsberg nayo ikaharibika mtambo, ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Ile kasi ya majaribio iliwafaa nini?

Nasi hapa Bomet, tukipata A katika mtihani wa majaribio, ati tumeshafika, vitabu tunafungia dawatini! La hasha! Atunzaye mtambo wake kila siku ndiye atakayeivuka KCSE.