Ile Si Kitabu!

Leo nina ugomvi. Sigombani na Serikali, wala wachapishaji (hao zamu yao itafika). Nagombana na sisi wenyewe, waandishi chipukizi wa mjini tunaojiita watunzi wa tamthilia na hatujawahi kukaa mbele ya jukwaa hata mara moja.

Unabisha? Chukua mshikaji wangu mmoja wa Kinondoni. Kidato cha nne alipasua Kiswahili ile mbaya. Muulize dhamira za Kinjeketile, atakumwagia saba bila kuvuta pumzi. Migogoro, falsafa, msimamo, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, vyote vimo kichwani. Na tamthilia yake mwenyewe anayo, kaunta buku zima. Siku moja nikamuuliza, "Hivi we ulishaona Kinjeketile ikichezwa?"

Akacheka. "Ikichezwa wapi, bwana? Ile si kitabu?"

Jamani! Ebrahim Hussein alipoichapisha mwaka 1969 alikuwa akiwaandikia watu wenye miguu na sauti, wakutane usiku mmoja na watu wengine wenye macho. Kina sie tukaikuta darasani, tukaambiwa tuipasue tutafute dhamira. Tukafaulu mtihani. Sasa tunaandika za kwetu kwa mtindo huo huo, dhamira kwanza, watu baadaye wakipatikana.

Nikamburuta mpaka Bagamoyo, kwenye tamasha la sanaa. Toka Dar si mbali, kilometa kama 70. Tamasha lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa, hicho ambacho toka 2007 kinaitwa TaSUBa. Ukumbi wao uliteketea kwa moto mwaka 2002 na bado tamasha likaendelea. Lina umri kuliko wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, na tunalipita kama kibao cha barabarani.

Kiingilio cha jioni ile, sikutanii, hakikufika bei ya chipsi kuku. Mshikaji akanong'ona, "Bei poa hivi? Basi humo hamna kitu."

Ndio ugonjwa wetu huo. Kitu kikiwa ghali tunakiheshimu kabla hatujakiona.

Haya, ndani walikuwemo akina nani? Akina mama na khanga zao, mmoja kaja na beseni lake tupu la samaki. Vijana wa bodaboda. Watoto wamekaa chini kabisa mbele, wengine pekupeku. Bei ndogo ndiyo iliyowaingiza. Likaja igizo la kikundi fulani cha vijana, habari za shamba la urithi. Akatoka babu mwenye mkongojo akaanza kuhutubia wanawe. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili watoto wakaanza kufinyana. Ya tatu yule mama wa beseni akauliza kwa sauti, "Huyu atamaliza saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Babu akasimama, akamgeukia: "Mama yangu, hata mimi nimechoka, lakini ndivyo nilivyoandikiwa!"

Ukumbi ulipasuka. Toka hapo igizo likapata damu, mpaka mwisho hakuna aliyefinyana tena. Nikamtazama mshikaji nione kama anacheka. Wapi! Kainamisha kichwa. Katika kaunta buku lake kuna babu, na babu huyo anahutubia kurasa nne. Mimi nilizisoma nikamwambia ni "nzito". Urafiki gani huo? Mama ambaye hata hatumjui alitufanyia uhakiki kwa maneno manne, mimi na elimu yangu nikampaka mafuta mwenzangu.

Wapo watakaosema kiingilio kidogo kinamdhalilisha msanii, eti atakula nini. Hoja ina uzito, tena mkubwa. Msanii alipwe, asiishi kwa makofi. Ila ukipandisha bei mlangoni, wa kwanza kubaki nje ni yule mama, na viti vyake watakalia waalikwa wenye kadi shingoni, watu wastaarabu wanaopiga makofi hata babu akihutubia mpaka asubuhi. Na tukikimbilia mfadhili kila mara, tutaandika yale maigizo ambayo onyesho la kwanza tu umeshajua nani atakufa na ujumbe ni upi. Jukwaa la bei ndogo lina haki ya kulindwa, na wa kwanza kulilinda tungekuwa sisi tunaolihitaji kuliko wote. Badala yake tunakaa vijiweni tunalia tamthilia haina soko. Umeshaipeleka wapi ya kwako? Kikundi gani umekipa kikajaribu japo onyesho moja?

Kwenye basi la kurudi mshikaji hakusema neno mpaka Tegeta. Pale akaniomba kalamu.

Wiki ya pili akaniletea kaunta buku. Hotuba ya babu imebaki mistari sita. Nikamwambia bado mirefu. Hakukasirika. Akasema, "Basi Jumamosi njoo uani kwetu, we ndo uwe babu. Bi mkubwa na dada zangu watakaa kwenye mkeka, majirani pia nimewaambia."

Nilikwenda. Mstari wa nne bi mkubwa akainuka kwenda kugeuza maandazi.