Mshahara wa Mwisho wa Mwalimu

Mwalimu astaafupo, wanafunzi humwimbia, wazazi humletea mbuzi au blanketi, na mkuu wa shule husimama akatoa hotuba ya shukrani. Asubuhi ya pili yake kengele hulia bila yeye. Tangu siku hiyo jina lake haliko tena katika orodha ya mishahara. Limebaki katika faili moja ofisini, na ndani ya faili hiyo imo tarakimu moja itakayoamua atakula nini, atavaa nini na atatibiwa wapi hadi siku atakapozikwa. Tarakimu hiyo ni mshahara wake wa mwisho.

Wako watu wanaodhani kwamba pensheni ni shukrani ya serikali kwa mtumishi mwema, na kwamba mpewa hana haki ya kuhesabu alichopewa. Dhana hiyo imewaponza wengi. Pensheni ni sehemu ya ujira wa mtu, iliyowekwa kando mpaka atakapokosa nguvu ya kufanya kazi. Nayo hukokotolewa kwa kanuni iliyoandikwa katika sheria.

Kwa walimu wa Kenya waliostaafu katika miaka ya tisini na baada yake kidogo, kanuni ilikuwa hivi: mshahara wa mwaka uligawanywa kwa 480, kisha ukazidishwa kwa idadi ya miezi ya utumishi. Mstaafu aliweza kuchagua kutoa robo moja ya pensheni hiyo, ikazidishwa kwa 20, akapewa kwa mkupuo. Robo tatu zilizobaki alilipwa mwezi kwa mwezi.

Achukuliwe mwalimu wa mfano aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ukawa shilingi 10,000 kwa mwezi, au 120,000 kwa mwaka. Pensheni yake ni shilingi 90,000 kwa mwaka. Akitoa robo, atapata mkupuo wa shilingi 450,000, na kila mwezi shilingi 5,625. Sasa ichukuliwe kwamba mshahara uliomstahili siku ile haukuwa 10,000 bali 20,000. Mkupuo wake ungekuwa shilingi 900,000, na pensheni ya kila mwezi 11,250. Kosa limefanyika mahali pamoja tu, katika ngazi ya mshahara. Lakini limeingia katika mkupuo, likaingia katika pensheni ya mwezi wa kwanza, na litaendelea kuingia katika kila mwezi ujao. Mtumishi aliyepunjwa angali kazini anaweza kurekebishiwa mwezi unaofuata. Mstaafu aliyepunjwa hubeba upungufu huo maisha yake yote.

Jambo la namna hii liliwapata maelfu ya walimu wa Kenya. Mwezi wa Oktoba 1997 walimu wa nchi hiyo waligoma wakidai nyongeza, na serikali ikakubali kuongeza mishahara yao kwa kiwango kikubwa. Makubaliano yakatiwa nguvu ya sheria kwa Tangazo la Kisheria Na. 534 la mwaka 1997, lililosema nyongeza italipwa kwa awamu tano, ikianzia tarehe 1 Julai 1997. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha malipo yakasimama. Serikali ilisema hazina haina fedha. Walimu waligoma tena mwaka 1998 na mwaka 2002, na mwaka 2003 yakafikiwa mapatano mapya ya kulipa awamu zilizobaki pole pole kwa miaka mingi.

Kwa mwalimu kijana mapatano hayo yalikuwa na afadhali, maana aliweza kungoja. Lakini umri wa kustaafu wakati ule ulikuwa miaka 55, na tangu mwaka 1997 hadi 2003 walimu wengi walikuwa wamekwisha kuufikia. Hao walikuwa wametoka kazini na mshahara wa zamani, na pensheni zao zikakokotolewa kwa mshahara huo huo. Walikuwa wamegoma pamoja na wenzao, lakini matunda ya mgomo yakaliwa na waliobaki darasani.

Wazee hao hawakunyamaza. Mwaka 2006 walifungua shauri katika Mahakama Kuu mjini Nakuru dhidi ya Tume ya Kuwaajiri Walimu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata kwa mtoto wa shule: tangazo lile lilikuwa sheria, nayo ilikuwapo siku walipostaafu; basi mshahara wao wa mwisho ni ule uliotajwa na sheria, wala si ule uliolipwa kwa sababu mwajiri hakutimiza ahadi. Mtu akidaiwa asilipe, deni halipungui kwa sababu hakulilipa.

Mwezi wa Oktoba 2008 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliwapa walimu ushindi. Palikuwa na nderemo siku ile. Hata hivyo, kushinda shauri ni jambo moja na kupokea fedha ni jambo jingine. Mwajiri alikata rufaa, barua zikapelekwa huku na huko kati ya ofisi na ofisi, na jumla ya deni, iliyohesabiwa kwa mabilioni ya shilingi, ikazidi kukua. Miaka zaidi ya kumi baada ya hukumu, wazee wengi walikuwa bado wanadai. Wako waliokufa kabla ya kulipwa, wakawaachia wajane na watoto nakala ya hukumu badala ya fedha.

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini mzee wa miaka 75 akiambiwa avumilie, mbivu hiyo huenda ikaliwa na mwingine. Ucheleweshaji wa haki ya mstaafu haufanani na ucheleweshaji wa haki nyingine, kwa maana yeye hana miaka ya kufidia iliyopotea. Dawa ya shinikizo la damu haingojei rufaa, wala karo ya mjukuu yatima haingojei.

Nchini Uganda, Sheria ya Pensheni imekuwa ikitumia hesabu ya jinsi hiyo hiyo, ila kigawanyo chake ni 500 badala ya 480. Aidha, Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 254, inasema mtumishi wa umma atapata pensheni inayolingana na cheo chake, mshahara wake na muda wa utumishi wake. Kwamba pensheni haitatozwa kodi. Kwamba itapitiwa mara kwa mara kufuatana na thamani ya fedha. Na kwamba italipwa upesi, bila kukatizwa, na kwa njia iliyo rahisi kwa mstaafu. Maneno hayo ni mazuri. Lakini cheo, mshahara na muda ni mambo matatu yanayothibitishwa kwa karatasi, na karatasi zikikosekana, ibara haiwezi kumsaidia mzee aliyesimama dirishani.

Hapo ndipo mkasa wa walimu unapoingia katika nyumba ya askari. Sajenti aliyepandishwa cheo kwa mdomo, barua isifuate, yuko katika hatari ile ile ya mwalimu aliyefundisha katika daraja la juu huku akilipwa la chini. Polisi aliyehamishwa vituo saba, na faili yake ikabaki katika kituo cha tatu, anaweza kupoteza miaka ya utumishi wake bila kujua. Wenye jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, na wenye tarehe mbili za kuzaliwa, huligundua kosa wakati nguvu za kulifuatilia zimekwisha.

Inafaa basi kila nyumba ya mtumishi iwe na bahasha moja isiyochezewa na watoto wala kufungiwa sukari. Ndani yake ziwemo barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya kupandishwa cheo, kila amri ya uhamisho, na angalau hati moja ya mshahara ya kila mwaka. Mume na mke waisome pamoja mara moja kwa mwaka, wakilinganisha cheo kilichoandikwa katika barua na ngazi ya mshahara iliyoandikwa katika hati. Tofauti ikionekana, malalamiko yaandikwe, yatiwe tarehe, na nakala yake igongwe muhuri wa ofisi iliyoipokea. Neno lililosemwa mlangoni mwa karani halina shahidi. Na mke ajue bahasha iko wapi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye atakayebaki kuipeleka mahakamani.

Walimu wa Kenya waliweza kushtaki kwa sababu walikuwa na tangazo lenye namba, barua zenye tarehe, na umoja wa kwenda mahakamani pamoja. Mtu mmoja mwenye kumbukumbu tupu asingefika popote. Kwa miaka 30 waliwafundisha watoto wa wengine kwamba jibu la hesabu lisiloonyesha njia halipewi alama. Walipofika uzeeni, wakaionyesha mahakama njia ya hesabu yao wenyewe, mstari kwa mstari, na mahakama ikawapa alama zote. Kilichobaki kilikuwa juu ya mwenye kulipa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.