Haya Yalitokea Kweli?

Hilo ndilo swali la kwanza la wasomaji wengi wa The Things They Carried, hadithi fupi za Tim O'Brien kuhusu vita vya Vietnam. Hata wanaokifundisha kitabu hicho hukitetea kwa kusema mwandishi alikuwa askari na aliyaona kwa macho yake. Kwamba thamani yake ni ushuhuda. Mimi nasema ushuhuda ndio sehemu ndogo kabisa ya thamani hiyo.

Sababu za kukiona kitabu kama ushuhuda zipo. O'Brien aliitwa jeshini kwa lazima mwaka 1968, alipomaliza chuo tu, akapigana katika mkoa wa Quang Ngai. Msimulizi anaitwa Tim O'Brien vilevile. Ukurasa wa tabaruku unawataja kwa majina wahusika wa kitabu hichohicho, kana kwamba ni askari wenzake wa kweli.

Lakini ushuhuda wake alikuwa ameshautoa mwaka 1973 katika If I Die in a Combat Zone, kumbukumbu zake za vita. Kama haja ilikuwa kueleza yaliyompata, haja hiyo ilitimia. Mwaka 1990 alirudi na kitabu kinachojitambulisha wazi kuwa ni kazi ya kubuni. Msimulizi ana binti, Kathleen. Mwandishi wakati huo hakuwa na mtoto.

Tazama hadithi zinavyoshikana. Katika Speaking of Courage, askari Norman Bowker amerudi kwao kutoka vitani, anazunguka ziwa kwa gari na hapati wa kumsimulia jinsi alivyoshindwa kumwokoa mwenzake Kiowa, aliyezama usiku kwenye tope la uwanja ambao wanakijiji waliufanya choo. Isome peke yake, utapata majuto ya mtu mmoja. Inayofuata, Notes, inasema Bowker alijinyonga, na kwamba kushindwa kule kulikuwa kwa msimulizi, si kwake. Kisha In the Field inamleta askari kijana anayeamini tochi yake ndiyo iliyomponza Kiowa, huku Luteni Jimmy Cross akijilaumu kwa kupiga kambi pale. Lawama inahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule na haitui. Anayetafuta ushahidi atauliza nani mkweli, na hapo atakuwa amepitwa na jambo lenyewe: kifo kimoja kimewaelemea wote, kila mmoja akidhani ni chake peke yake. Hakuna hadithi moja, hata iwe ya kweli kiasi gani, ambayo ingeweza kulisema hilo.

Wapo wanaojiona wamedanganywa wanapofika Good Form, ambapo msimulizi anakana kumuua kijana wa Kivietnam ambaye, kurasa nyingi nyuma, alisema amemuua na akamwombolezea. Nawaelewa. Ila maombolezo yale yalimpa adui maisha, masomo na hofu, na kukana hakuvifuti.

Halafu hadithi ya mwisho inahusu Linda, mtoto wa miaka tisa aliyekufa kwa uvimbe wa ubongo miaka mingi kabla ya vita. Kama kitabu ni ushuhuda wa Vietnam, Linda anatafuta nini humo?

Walimu, msichomoe hadithi moja mkawapa wanafunzi kama kumbukumbu ya askari. Wapeni kitabu kizima, na swali la kwanza liwe: lawama ya kifo cha Kiowa sasa iko kwa nani, na kwa nini imehamishwa?