Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Yenyewe

Kiyoyozi cha nyumba nzima kikizeeka na kupoteza ubaridi, mafundi wengi hukimbilia kuongeza gesi. Wanakosea. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haichomwi kama petroli; ikipungua, inavuja.

Nchini Marekani, kosa hilo lina gharama kubwa. Tangu Januari 1, 2020, ni marufuku kutengeneza au kuagiza gesi mpya ya R-22, inayotumiwa na mitambo mingi ya kabla ya 2010. Kilichobaki ni akiba na gesi iliyosafishwa upya.

Mwenye nyumba abadilishe kwanza kichujio kilichozibwa na vumbi, kisha azime umeme na kusafisha mtambo wa nje. Ubaridi usiporudi, amwite fundi atafute uvujaji. Asiyekubali kuutafuta asiruhusiwe kujaza gesi.